Songea Isisubiri Yaliyoikuta Jangwani

Anayejenga nyumba Songea ana mengi ya kuwaza: kiwanja kimepimwa au bado, tofali za kuchoma zitatoka wapi, bati za geji gani, fundi yupi mwaminifu. Jambo moja husahaulika mpaka mvua kubwa ya kwanza ya Desemba, nalo ni kwamba maji yatakayoanguka juu ya paa lile lazima yaende mahali. Kwa kuwa hayakupangiwa pa kwenda, hujipangia yenyewe, na siku zote huchagua kwa jirani wa chini.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa la mita kumi kwa kumi lina mita 100 za mraba. Mvua nzito ya alasiri moja, tuseme milimita 50, inaliteremshia paa hilo lita 5,000, sawa na mapipa 25 ya lita 200 yaliyomwagwa kwenye uwanja wa familia moja kabla jua halijazama. Songea hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Kwa hiyo paa hilo moja hupokea zaidi ya lita laki moja katika msimu mmoja. Kabla ya nyumba kusimama, mahali pale palikuwa na nyasi na vichaka, na udongo wake ulikuwa umetobolewa na mizizi, mchwa na minyoo. Sehemu kubwa ya mvua ilizama papo hapo. Bati halizamishi hata tone. Uani nao ukisakafiwa kwa zege kutoka ukuta hadi ukuta, umekuwa paa la pili.

Ukitaka kuona korongo linavyozaliwa, huna haja ya kwenda mbali. Simama nyuma ya nyumba yoyote isiyo na gata, pale matone ya upenuni yanapotua. Msimu wa kwanza utaona mstari wa vishimo vidogo, na ukutani, kimo cha goti, madoa mekundu ya tope lililoruka. Msimu wa pili vishimo vimeungana kuwa mfereji mwembamba usiozidi upana wa kiganja, ndani yake zimebaki changarawe tu, kwa sababu udongo laini umeshachukuliwa. Mfereji huo hutokea kona ya chini ya uwanja, hukutana kichochoroni na ule wa nyumba ya pili, na ikiwa miwili inapata nguvu ya kung'oa. Mizizi ya mwembe inabaki nje. Jiwe la kona ya msingi linaanza kuonekana upande wa chini. Baada ya misimu michache kichochoro walichopita watoto kwenda shule kimekuwa korongo la kumficha mtu mzima aliyechuchumaa, na watu wametupa ubao wa kuvukia. Hapo ugomvi unaanza, na mwenyekiti wa mtaa anaitwa kuwasuluhisha majirani wawili wenye kosa lilelile moja.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Aliyenyolewa ni Dar es Salaam, na mahali pa kutazama ni Jangwani.

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, hukatiza jiji kwa zaidi ya kilomita 30, kisha huingia baharini karibu na Daraja la Salender. Eneo linaloumwagia maji ni karibu kilomita za mraba 290. Sehemu ya chini, Jangwani, ni bonde pana na tambarare. Mto wowote unahitaji mahali kama hapo, pa kutanuka mvua inapozidi na kurudi mkondoni inapopungua. Wataalamu wa mipango miji walilijua hilo. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1979 uliyahesabu mabonde ya namna hiyo kuwa maeneo hatarishi yasiyofaa kujengwa. Kilichokosekana baadaye hakikuwa elimu.

Bonde halikuvamiwa siku moja. Ilianza bustani ya mchicha, kikafuata kibanda cha mlinzi wa bustani, halafu chumba cha kupangisha, mwisho mtaa mzima wenye umeme na maduka. Huko juu, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilikatwa kwa ajili ya mkaa na mashamba. Kati ya hapo na Jangwani, ardhi ya Ukonga, Gongo la Mboto, Tabata na mitaa mingine mingi ilivikwa bati, zege na lami. Mchanga ukachimbwa mtoni kwa ajili ya ujenzi, taka zikatupwa humohumo. Kila mmoja wa watu hao alifanya jambo dogo kwenye eneo lake, na hakuna hata mmoja aliyekusudia mabaya. Lakini mvua ambayo zamani ilichukua muda mrefu kupenya udongoni na kuufikia mto kidogokidogo, sasa inaufikia yote kwa pamoja, ikiwa imebeba mchanga, plastiki na matope.

Tarehe 20 Desemba 2011 mvua ilinyesha ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haijawahi kuonekana jijini tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa. Maelfu walipoteza makazi, wengine walikaa juu ya mapaa wakisubiri kuokolewa, na serikali ya Rais Kikwete ikazigawia familia nyingi viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji, mbali na biashara zao na shule za watoto wao. Baadhi walirudi bondeni. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 ikaja bomoabomoa: nyumba zilizoandikwa alama ya X nyekundu ziliangushwa, na watu waliokuwa wamewekeza akiba ya maisha yao yote kwenye kuta zile walibaki wamekaa juu ya vifusi na magodoro yao.

Hata baada ya hayo, funzo halikuingia. Karakana ya mabasi yaendayo haraka, mradi ambao jiji lilikuwa likiuonea fahari, iliwekwa Jangwani hapohapo. Huduma ilianza Mei 2016. Mafuriko yalipokuja tena Aprili 2018, maji yaliingia karakanani na mabasi yakaharibika. Barabara ya Morogoro, mshipa mkuu wa jiji, imefungwa pale Jangwani mara nyingi kiasi kwamba wakazi wa Magomeni na Kariakoo wanajua mawingu ya aina gani yanamaanisha leo hakuna kuvuka. Mwaka 2022 ukaidhinishwa mradi wa kulinusuru bonde la Msimbazi, kwa fedha za Benki ya Dunia pamoja na Uhispania na Uholanzi: dola milioni 260. Ndani yake mna daraja jipya refu, kuchimba na kupanua mto, kulipa fidia na kuhamisha watu, kuhamisha karakana, kupanda miti upya huko juu, na kuligeuza bonde la chini kuwa bustani kubwa ya mji inayoruhusiwa kufurika. Lisome tena hilo la mwisho. Baada ya miongo minne, misiba na mamia ya mabilioni ya shilingi, bonde linarudishwa kwenye kazi ambayo mpango wa 1979 ulikuwa umeliachia.

Tukiizungumzia Jangwani tumezoea kumlaumu aliyejenga bondeni. Ana sehemu yake ya lawama. Lakini maji yaliyomzamisha yalitoka kwenye mapaa na viwanja vya watu wa juu, ambao nyumba zao hazijawahi kuingia maji na ambao usiku ule walilala salama bila kujua chochote. Mafuriko huonekana bondeni, ila hutengenezwa mlimani.

Sasa tuitazame Songea. Mji huu umekaa chini ya milima ya Matogoro, na milima hiyo ni chanzo cha mito mitatu: Ruvuma, unaokwenda kuwa mpaka wetu na Msumbiji mpaka Bahari ya Hindi, Luegu, ambao maji yake huishia Rufiji, na Ruhila, ambao kupitia Ruhuhu hufika Ziwa Nyasa. Miji michache sana Tanzania imekaa juu namna hiyo. Maana yake kwa mkazi wa Lizaboni au Matarawe ni kwamba hakuna mji mwingine ulio juu yetu wa kuusukumia lawama. Maji yanayobomoa mabonde ya Songea ni ya mvua iliyotunyeshea wenyewe, kwenye mapaa yetu, barabara zetu na mashamba tuliyoyapandisha mlimani. Kwa hiyo dawa nayo iko mikononi mwetu. Dar es Salaam haina uhuru huo. Vilima vyake vimeshajengwa.

Ila muda unakwisha. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 203,000 katika Manispaa ya Songea. Ya 2022 ilikuta zaidi ya 280,000. Mji umetoka Majengo na Mfaranyaki, unakwenda Msamala, Mshangano, Ruhuwiko na kwingineko, na katika kila mtaa mpya viwanja vya tambarare huisha kwanza. Vinavyobaki ni vya mteremkoni na vya ukingoni mwa bonde, na huuzwa kwa bei ya chini kwa mtu asiye na uwezo wa kuchagua. Yule kijana anayeanza maisha kwa kununua kiwanja cha bondeni mwezi wa Agosti, nyasi zikiwa zimekauka na ardhi imara chini ya mguu, ndiye ninayemhofia zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na vyanzo vya maji. Mita 60 ni zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Ndugu yangu, kabla hujatoa hela, zihesabu kwa hatua zako mwenyewe, na umuulize mwenyeji wa siku nyingi maji hufika wapi mwezi wa Machi.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Songea hunywa maji ya Ruhila. Mvua tunayoifukuza Januari kwa mitaro ya zege ndiyo ingezama ardhini na kutoka polepole kwenye chemchemi mwezi wa Oktoba, vyanzo vinapopungua na ndoo zinapopanga foleni. Mji unaokimbiza maji yake yote, kiangazi kikifika hauna wa kumlilia.

Elimu ya kuyazuia maji mteremkoni ipo jirani, wala haijatoka ng'ambo. Nenda Mbinga, kama kilomita 100 kutoka hapa, utazame mashamba ya Wamatengo. Wanalima kwenye miteremko ambayo mgeni angesita kupanda kwa miguu, mvua ni nyingi, na bado udongo wao upo palepale vizazi na vizazi. Siri ni ngoro. Mvua zinapoelekea kuisha, nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana mpaka mlima wote unakuwa na miraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya nyasi, hivyo pembeni linabaki tuta pande zote nne na katikati shimo. Maharage hupandwa juu ya matuta, msimu unaofuata mahindi, na nyasi zilizofukiwa huoza kuwa mbolea. Mvua ikija kila shimo linashika sehemu yake. Maji hayapati nafasi ya kukusanyika na kukimbia. Yanazama mahali yalipoangukia, na udongo uliochukuliwa kutoka kwenye tuta unatua ndani ya shimo lilelile. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walifika Mbinga miaka ya 1990 kuusoma ustadi huo. Sisi tulio karibu tumeuona tangu utoto tukiwa kwenye basi, na hatujauleta mjini.

Kuuleta mjini kunaanzia uani. Funga gata, peleka maji kwenye tangi. Tangi la lita 5,000 litashika ile alasiri moja tuliyoipigia hesabu, na kwa familia nyingi ni fedha nyingi, nalijua hilo. Basi pipa moja au mawili kwanza, la muhimu ni kwamba kinachomwagika baada ya kujaa kisiachwe kijitafutie njia. Kichimbie shimo. Shimo la mita moja kila upande hubeba lita 1,000 likiwa tupu, na kama theluthi tu ya hizo ukilijaza mawe, kwa hiyo usidanganyike na ukubwa wake. Bibi zetu walijua kupanda migomba kwenye shimo la maji ya kuogea. Shimo la mvua ni lilelile, pana zaidi, lenye migomba au mapapai pembeni na takataka za majani ndani. Lisogeze mbali na msingi wa nyumba, lisiwe karibu na choo cha shimo wala kisima. Na usilichimbe juu ya ukuta wa udongo uliokatwa wima nyuma ya nyumba, maana maji yakizama pale yanaweza kuuporomosha wote.

Udongo wa kila mahali hauna tabia moja, ndiyo maana ujaribu kabla ya kuchimba kikubwa. Chimba kishimo cha kina cha goti, kijaze maji, yaache yazame, kijaze tena, halafu utazame. Yakitoweka ndani ya saa chache, umepata mahali pazuri. Yakiwa bado yapo kesho kutwa, pale ni mfinyanzi mzito au maji ya chini yako karibu, na ukilazimisha utakuwa umefuga mbu. Mbu humaliza ukuaji wake majini kwa muda wa wiki moja hivi au zaidi kidogo; shimo linalokauka ndani ya siku mbili au tatu halimpi nafasi. Kwa anayetaka uwanja wake upendeze, atandike pevingi juu ya mchanga na kuacha mianya kati ya vitofali, badala ya kumwaga zege ukuta hadi ukuta. Gari halitatitia, na mvua itapita.

Yaliyobaki hayawezekani kwa mtu mmoja. Mtaro wa barabara ya mtaa uliochimbwa na greda na kuachwa uchi huwa korongo baada ya msimu mmoja. Ukipandwa nyasi na kukingwa kwa vizuizi vifupi vya mawe kila baada ya hatua kadhaa, maji hutulia na kuacha mchanga nyuma. Mawe yapo, nguvu zipo, msaragambo wa Jumamosi mbili unatosha kwa barabara fupi, mradi TARURA, wakala wa barabara hizo, wahusishwe ili kesho greda lisije likafagia kazi yote. Viwanja vya shule, makanisa na misikiti ndivyo vyenye mapaa makubwa kuliko yote mtaani, kwa hiyo ndivyo vitangulie. Kingo za mabonde zirudishiwe mabingobingo, mianzi, mikuyu na mivengi. Milingoti isipandwe kwenye chanzo cha maji hata kama mbao zake zinalipa, kwa sababu hunywa sana.

Mhandisi ataniambia kwamba mashimo na nyasi havitoshi, na yuko sahihi. China ilianzisha mpango mkubwa wa miji inayonyonya maji baada ya mafuriko yaliyoua watu Beijing mwaka 2012. Zhengzhou ulikuwa miongoni mwa miji iliyoutekeleza. Tarehe 20 Julai 2021 uliangukiwa na milimita 201.9 za mvua ndani ya saa moja, na mamia ya watu wakafa, wengine wakiwa ndani ya treni ya chini ya ardhi. Hakuna bustani inayomeza mvua ya namna hiyo. Kwa hiyo tunahitaji mitaro ya zege kwenye barabara kuu, kalavati pana zinazozibuliwa kabla ya msimu, na bonde lililoachwa wazi kwa ajili ya siku mbaya. Lakini mvua nyingi zinazochimba makorongo yetu si za Zhengzhou. Ni zile za milimita 20, 30, 50, zinazorudi kila wiki mpaka Aprili, na hizo uani wa kawaida unaziweza. Tena mtaro wa zege peke yake unahamisha tu tatizo: unayatoa maji Mjini haraka na kuyatupa kwa kishindo bondeni kwa mtu mwingine.

Songea imo kwenye orodha ya miji 45 ya mradi wa TACTIC, unaojenga barabara na mifereji mijini kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mkopo huo tutaulipa sisi na wanetu. Madiwani wetu wanapoletewa michoro, wamuulize mkandarasi kila mfereji unaishia wapi, na nani anaishi pale unapoishia. Manispaa nayo iongeze sharti kwenye kibali cha ujenzi: mchoro uoneshe mvua ya paa itahifadhiwa au kuzamishwa wapi ndani ya kiwanja, na afisa aende kuona kabla nyumba haijahamiwa. Wenyeviti wa mitaa waitishe mkutano wa jambo hili moja mwezi wa Septemba, ardhi ikiwa bado kavu na majembe hayajaenda shambani.